Mwanagenzi Apewe Kazi



Kila mwaka vijana wa vyuo vya ufundi hufunga vitabu vyao kwa muda wakaenda viwandani kufanya mazoezi ya kazi. Miongoni mwao wamo wanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Uganda, Elgon, kilichoko Mbale. Baadhi yao hushika njia ya Tirinyi na Iganga hadi Jinja, kwenye mitambo ya umeme na viwanda vya nguo na vya chuma, na jirani yake Kakira, kwenye sukari. Muda wanaokaa huko ni wa majuma machache tu. Lakini namna majuma hayo yanavyotumiwa ni jambo linalogusa nguvu ya taifa zima, wala si la walimu na wazazi peke yao.

Jinja yenyewe ni shahidi. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa rasmi mwezi Aprili 1954, na viwanda vikaufuata umeme wake. Hata hivyo, katika viwanda vingi ujuzi wa ndani ulikuwa mikononi mwa watu wachache. Mwezi Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 wawe wameondoka nchini. Waliondoka wenye mali, wakaondoka pia mameneja, mafundi na watunza stoo. Mashine zilibaki pale pale zilipofungwa. Katika miaka iliyofuata uzalishaji ulianguka vibaya. Sababu zilikuwa nyingi, ukosefu wa vipuri na wa fedha za kigeni ukiwemo. Lakini mojawapo iliyo kubwa ni kwamba waliozijua mashine hizo walikwenda na ujuzi wao, na waliobaki hawakuwa wamekabidhiwa.

Linganisheni hali hiyo na ile ya mwaka 2023. Mwezi Machi mwaka huo mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Eskom wa kuendesha vituo vya Nalubaale na Kiira ulimalizika. Vituo hivyo viwili, vyenye uwezo wa megawati 380, vilirudi mikononi mwa shirika la umma la kuzalisha umeme, UEGCL. Mwenye mkataba aliondoka, lakini mitambo iliendelea kufanya kazi, kwa kuwa wahandisi na mafundi waliokuwa wakiiendesha, kwa sehemu kubwa, walikuwa wananchi wa Uganda. Tofauti ya 1972 na 2023 haikuwa katika chuma. Ilikuwa katika watu.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa kijana yule wa Mbale. Anafika langoni na barua ya chuo, ovaroli, na kitabu cha kumbukumbu za kila siku. Mota ameiona katika mchoro, safi, imekatwa katikati, haina kelele. Ndani ya kiwanda anaikuta ina joto, imefunikwa vumbi, na wafanyakazi wanaingojea.

Tangu hapo ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni kumtuma chai, kumfagilisha ua, na kumkalisha kwenye benchi hadi siku ya mwisho, ambapo kurasa zote za kitabu chake hutiwa sahihi kwa kalamu moja na kwa saa moja. Akiwa ni msichana, ndiyo zaidi. Huambiwa kazi ya spana si yake. Njia ya pili ni kumkabidhi kwa fundi mmoja anayejulikana kwa jina. Kwanza hutazama na kushika vyombo. Kisha hufungua mashine mbele ya macho ya fundi. Mwishowe hutakiwa atafute hitilafu mwenyewe na aeleze sababu yake. Huyu hujifunza kwamba mtu hagusi mashine kabla ya kuzima swichi kubwa, kuifunga kwa kufuli, na kuutia ufunguo mfukoni mwake. Kukariri sheria hiyo hakutoshi. Mkono hauna budi kuizoea.

Askari wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Kuruta wa Kaweweta au wa Kabalye haonyeshwi picha ya bunduki akaambiwa amehitimu. Huifungua, huisafisha na huiunga mara nyingi, mkufunzi akiwa amesimama karibu. Na hakuna afande mwenye heshima anayeandika kwamba zamu imelindwa hali hapakuwa na mlinzi. Basi kitabu cha mwanafunzi kilichotiwa sahihi bila kazi ni taarifa ya zamu isiyolindwa. Mwenye kitabu hicho kesho ataajiriwa kutandika nyaya za umeme katika hospitali, katika shule, au katika nyumba za kambi wanamolala watoto wa askari.

Wenye makampuni nao wana hoja zao. Wanasema kazi haingojei, mashine ni ghali, na ajali ikitokea lawama ni yao. Hoja hizo ni za kweli, lakini haziondolewi kwa kumficha kijana nyuma ya ufagio. Zinaondolewa kwa mpango: wanafunzi wachache kwa kila karakana, msimamizi mmoja, na amri zilizo wazi. Aidha, wengi wa vijana hawa hawalipwi, na wanapanga vyumba Walukuba au Masese kwa fedha za wazazi wao. Sahani ya chakula cha mchana si mzigo kwa kampuni kubwa, na kwa mwanafunzi ni msaada mkubwa.

Vyuo navyo visingoje mihuri tu. Mwalimu afike karakanani, amwulize mwanafunzi mbele ya mashine. Wala mwanafunzi mwenyewe hana ruhusa ya kutafuta kiti na kukwepa grisi. Awahi kabla ya king'ora, atii, aulize, na aandike alichokifanya, si alichokisikia.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sare wanazovaa askari wengi wa Uganda zimetoka katika kiwanda kilicho jirani na Jinja. Taa za kambi zao huwaka kwa nguvu ya Mto Nile. Nyuma ya kila kimoja yupo fundi, na fundi huyo siku moja atastaafu. Ikiwa hakumkabidhi mtu ujuzi wake, taifa litarudia hasara ya 1972 bila ya kufukuzwa mtu yeyote. Yule mwanagenzi aliye langoni na barua mkononi ndiye wa kukabidhiwa. Na apewe kazi.