Kosa la Mwenzako Lisahihishwe Kwenye Chimbuko

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Umoja wa Mataifa uliendesha mradi wa kupunguza madhara ya zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwamo. Wataalamu kutoka Uingereza walifika Rwamgasa, Geita, wakapima udongo, maji na samaki. Afya za wachimbaji wadogo nazo zilipimwa. Taarifa ikachapishwa. Lakini kwenye jalada lake jina la mahali liliandikwa "Rwamagasa".

Herufi moja tu imezidi. Hata hivyo, maktaba za siku hizi hunakiliana rekodi: mkutubi mmoja huandika, wenzake wa nchi nyingine huchukua kama ilivyo. Kosa hilo husambaa upesi kuliko kitabu chenyewe. Mwalimu anayetafuta habari za Rwamgasa kwa jina rasmi la kata yake aweza kuambiwa hakuna kitu, ilhali utafiti kuhusu maji ya eneo lake umo rafuni.

Je, alaumiwe mkutubi? Hasha. Alinakili alichokiona kwenye jalada, na ndivyo kanuni za kazi yake zinavyotaka. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke.

Anayegundua kosa ana njia tatu. Aweza kunyamaza, huko ni kuukwepa wajibu. Aweza kusahihisha nakala ya maktaba yake tu, watanufaika wachache. Au aweza kumwandikia aliyetengeneza rekodi, kwa adabu na kwa ushahidi, ili sahihisho liwafikie wote. Hiyo ya tatu ndiyo njia ya haki.

Lakini jina la kitabu lisifutwe, maana lilichapwa hivyo na wapo watakaolitafuta hivyo. Liongezwe elekezo, ili anayeuliza "Rwamgasa" afikishwe pia kwenye "Rwamagasa".

Tahadhari nayo yahitajika. Rekodi ya mwaka 1980 inayoiweka Geita katika Mkoa wa Mwanza haina kosa. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Msahihishaji asiyeuliza huzaa kosa jipya.

Ndugu, aliye mbali hawezi kuyajua majina ya vijiji vyetu kuliko wenyeji. Mwalimu na mtumishi wa Geita wasipolitamka kosa hilo, mchimbaji anayeshika zebaki kwa mikono mitupu atazidi kukosa elimu iliyopatikana kutokana na mwili wake mwenyewe.