Mali Iliyomo Jaani: Mazungumzo juu ya Mbolea ya Takataka kwa Watu wa Hewani

Alfajiri katika kijiji cha Hewani, kando ya Mto Tana karibu na Garsen, sauti isikikayo kwanza, kabla hata moto haujawashwa, ni ya fagio. Usiku mwembe umeangusha majani. Mbuzi wamelala penye ukuta wakaacha mavi yao. Jana palipepetwa mpunga na makapi yametapakaa. Mama wa nyumba hukusanya vyote hivyo, na jua likipanda huvitia moto, au huvibeba mpaka ukingoni akavitupa mtoni. Ua husafika, na mgeni apitaye husifu. Jioni mama huyo huyo humtuma mtoto dukani kununua fungu la sukuma wiki lililosafiri juu ya lori kutoka mbali, nalo limekwisha kunyauka. Mazungumzo haya yahusu moshi wa asubuhi na mboga ya jioni, maana mambo hayo mawili yana asili moja.

Yafaa kwanza kuuliza kwa nini Wapokomo, ambao ni wakulima tangu zamani, hawakuwa na desturi ya kutengeneza mbolea. Si kwa uvivu wala kwa ujinga. Hawakuihitaji. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na aghalabu ulifurika mara mbili kwa mwaka: wakati wa masika, na tena wakati wa vuli. Maji yalipotoka kingoni yalileta tope la milimani, yakalitandaza juu ya mashamba, kisha yakarudi. Mkulima alipanda mpunga mabondeni palipotuama maji, na mahindi, ndizi na maembe juu ya kingo. Tope lile lilikuwa mbolea yake, na halikumgharimu kitu ila subira.

Mambo yakageuka kidogo kidogo. Mwaka 1968 bwawa la Kindaruma lilianza kazi huko juu, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo yameleta umeme kwa nchi nzima, na hakuna mwenye akili ayachukiaye kwa hilo. Lakini maji yaingiapo katika ziwa kubwa kama la Masinga hutulia, na yakitulia, tope huzama chini. Yatokapo upande wa pili yameacha nyuma sehemu kubwa ya ule udongo ambao zamani ungefika Hewani. Tena mafuriko ya kiasi, yale yaliyotazamiwa kwa majira yake, yamepungua. Si kwamba mto umesahau kufurika, kwani mwaka 1997, mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023 mpaka 2024 maji yalizamisha mashamba na nyumba za bonde hili. Lakini mafuriko ya namna hiyo huja kwa kishindo, yakang'oa kilichopandwa na kuwahamisha watu. Hayo siyo yale ya kulisha shamba.

Basi shamba la Hewani limepungukiwa na mlishaji wake, na mahali pa kuanzia kuuziba upungufu huo si mbali: ni hapo hapo uani.

Elimu hii si mpya. Mwingereza mmoja mtaalamu wa mimea, Albert Howard, alifanya kazi katika mji wa Indore huko Bara Hindi tangu 1924 hadi 1931, akatazama jinsi wakulima wa nchi hiyo walivyotumia mavi ya ng'ombe na mabua, akasoma pia habari za wakulima wa Uchina, kisha akaeleza kwa taratibu namna ya kupanga takataka ili zioze upesi na vizuri. Katika miaka ya 1930 njia hiyo ilijaribiwa katika mashamba ya kahawa ya Kenya. Baadaye Idara ya Kilimo ya serikali ya kikoloni iliihimiza katika wilaya za milimani, mara nyingine kwa amri, na kwa hiyo wazee wengi wa huko walilichukia shimo la mbolea kama walivyochukia kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Ni hasara kwamba jambo jema lililetwa kwa fimbo. Hapa hakuna fimbo, wala mtu hahitaji kununua chochote ila labda uma wa kugeuzia, na hata huo jembe laweza kushika nafasi yake.

Itwaliwe kwa mfano nyumba moja ya watu saba. Wiki moja hutoa nini? Majani makavu ya mwembe, makapi ya mpunga, mabua ya mahindi, karatasi za unga. Hivi ndivyo vikavu. Kisha maganda ya ndizi na ya mihogo, magugu yaliyopaliwa, majani mabichi ya mgomba, mifupa na matumbo ya kambare, mavi ya kuku na ya mbuzi. Hivi ndivyo vibichi. Msimu wa maembe ukifika, matunda yaozayo chini ya miti bila mnunuzi huwa mengi hata nzi hawatoshi kuyamaliza. Siri yote ya mbolea ni kuvichanganya vikavu na vibichi kwa kiasi. Vikavu peke yake hukaa mwaka mzima bila kuoza. Vibichi peke yake hugeuka ute unaonuka, na jirani akanung'unika kwa haki. Kipimo chepesi ni vikapu viwili vya vikavu kwa kikapu kimoja cha vibichi. Matumbo ya samaki yafunikwe vema katikati ya lundo, la sivyo paka na kenge watalifumua usiku.

Ujenzi wenyewe huwa hivi. Huchaguliwa mahali penye kivuli, maana jua la Garsen hukausha kila kitu. Chini hutandazwa vijiti na mabua mazito ili hewa ipite. Juu yake huwekwa tabaka la vikavu lenye unene wa shubiri moja, kisha tabaka jembamba la vibichi, kisha samadi kidogo na konzi chache za udongo wa juu wa shamba, kwa kuwa ndani ya udongo huo wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao ndio waozeshaji hasa. Kila tabaka hunyunyiziwa maji. Maji yaliyooshea mchele au mboga yatosha, tena yafaa kuliko kumtuma mtoto ukingoni penye mamba. Migomba ikatwe vipande vidogo. Kigogo kizima cha mgomba kikitiwa kitakutwa kizima baada ya miezi mitatu. Tabaka hufuatana hivyo mpaka lundo lifike meta moja na robo kwenda juu, na upana wake usipungue meta moja. Lundo dogo kuliko hapo halishiki joto. Mwisho hufunikwa kwa majani ya mgomba au mkeka mkuukuu.

Vitabu vingi husema lichimbwe shimo, na kwa nchi kavu ni shauri jema, kwa sababu shimo hutunza unyevu. Lakini vitabu hivyo havikuandikwa Hewani. Mtu akichimba shimo katika bonde hili, na mto ukapanda, atapata kisima cha maji meusi yanukayo, na kazi yake yote imepotea. Takataka zilizofunikwa na maji hukosa hewa na hazigeuki mbolea. Kwa hiyo hapa lundo lijengwe juu ya ardhi, mahali palipoinuka, na kwa wenye kiwanja cha chini, juu ya tuta lililoinuliwa kwa udongo. Wakati wa kiangazi kirefu shimo la kina cha goti laweza kutumika, lakini lifukuliwe kabla ya miezi ya mvua.

Katika siku chache za kwanza lundo lililojengwa sawasawa hupata moto. Joto la katikati laweza kufika digrii 55 hadi 65 za Selsiasi, nalo huua mbegu nyingi za magugu. Wengi wasiolijua jambo hili hushtuka wakiona mvuke asubuhi, wakadhani takataka zimeshika moto! Nyumba haina kipimajoto, lakini ina kijiti. Kijiti kirefu kilichochongwa hutiwa mpaka katikati ya lundo kikaachwa humo. Kila baada ya siku chache huchomolewa na kushikwa. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inakwenda. Kikiwa cha moto lakini kikavu, tena kina ukungu mweupe, lundo lina kiu. Kikiwa baridi na kinanuka vibaya, maji yamezidi na hewa imepungua. Ligeuzwe na kuongezwa vikavu. Kikiwa baridi na kikavu, litiwe maji na vibichi. Mtoto wa miaka kumi aweza kukabidhiwa kijiti hiki, na kwa kawaida watoto hupenda kazi hiyo kuliko ile ya fagio.

Baada ya wiki tatu lundo hugeuzwe, la nje liingie ndani na la ndani litoke nje. Anayegeuza na avae viatu na aanze kwa kulipiga lundo kwa fimbo, maana nyoka hupenda mahali penye joto na panya. Baada ya wiki tatu nyingine hugeuzwa tena. Mchwa wakilivamia, ni dalili ya ukavu. Maji na kugeuza huwafukuza. Majivu ya jikoni huingia, lakini kwa uchache, kwani udongo wa sehemu nyingi za bonde hili una chumvichumvi tayari na majivu mengi huongeza ubaya huo.

Yako mambo yasiyofaa kuingia kabisa: chupa, betri, nailoni, vitambaa vya nguo za kisasa, mavi ya mbwa na ya paka, na miche ya nyanya iliyokufa kwa ugonjwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, walakini vipande vyake vya zamani bado hufukuliwa mashambani, navyo haviozi. Na liko tishio moja la hapa hapa, nalo ni mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa Tana River ili kuzuia jangwa, kisha ukaenea mpaka kuziba njia na malisho. Majani yake yafaa. Maganda yake yenye mbegu yasiingie, maana mbegu zake ni ngumu, na zile zilizo pembeni ya lundo zisipopata joto la kutosha zitaota katikati ya mchicha. Kwa sababu hiyo hiyo samadi ya mbuzi waliokula maganda hayo itiwe katikati kabisa ya lundo, penye moto mwingi, isiachwe juu.

Juu ya samadi kuna neno zaidi. Kiangazi kikikaza, wafugaji wa Kiorma na wa Kiwardei huteremsha ng'ombe kuelekea maji na majani ya delta, na mahali walipolala ng'ombe hubaki samadi nyingi ambayo mfugaji hana haja nayo. Kila mtu wa Garsen ajua kwamba ng'ombe na mashamba wameleta huzuni katika nchi hii. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya mia moja walikufa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Haitazamiwi kwamba kikapu cha samadi kitamaliza neno zito kama hilo. Lakini mkulima aendaye bomani kuomba samadi, kwa ruhusa ya wazee wa pande zote mbili, hurudi na kitu anachokihitaji, na wenyewe wamemwona amekuja mchana, mikono mitupu.

Baada ya miezi mitatu au minne lundo huwa limepungua hata nusu yake au chini ya hapo. Wengine huvunjika moyo wakiona hivyo, ilhali hakuna kilichopotea ila maji na hewa. Mbolea iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi, na hunuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Ikiwa bado majani ya mwembe yatambulikana, isubiriwe. Mbolea mbichi ikitiwa shambani huunyang'anya mmea chakula badala ya kumpa.

Kwa tuta la meta moja kwa meta tatu debe nne au tano zatosha, zichanganywe na udongo wa juu kwa kina cha vidole vinne. Kwa nyanya, biringani na bamia, konzi mbili katika kila shimo. Kwa mchicha na kunde haihitajiki nyingi. Ule udongo mzito wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa wakati wa jua mpaka mguu wa mbuzi huingia, hulegea ukitiwa mbolea hii kwa misimu michache, na maji ya ndoo moja hukaa humo muda mrefu zaidi; hilo peke yake ni pumziko kubwa kwa mama achotaye maji mtoni.

Lundo lililoanzwa mwezi wa Agosti huwa tayari kwa Novemba. Mbolea ichungwe kwa wavu au kwa tunga kuukuu, na ile laini iende bustanini. Vijiti na makumbi magumu yaliyobaki juu ya wavu yasitupwe: ndiyo tabaka la kwanza la lundo lifuatalo, na yamekwisha kubeba wale viumbe waozeshaji ndani yake.