Gari la Mnada: Hesabu Kabla ya Nyundo

 

Swali mlilotuletea ni hili: kikundi kikitaka pikapu ya kubebea mazao, je, kinunue gari lililogongwa, lile linalouzwa mnadani kwa bei ya chini? Hatutasema msinunue. Tutawaeleza tulivyoumia, maana sisi wenyewe tulikuwepo.

Kikundi kimoja cha wakulima wa kabichi kiliweka akiba miaka mitatu, kikafikisha shilingi 300,000. Viongozi wakaenda mnadani, nasi tukawasindikiza. Pikapu ilikuwa imebonyea ubavu mmoja tu na taa imevunjika. Nyundo ikagonga kwa 210,000, tukapiga makofi. Nani hangefurahi? Basi, kulivuta gari hadi nyumbani kukala 20,000. Fundi akasema 50,000 zitatosha. Alipofungua, akakuta chesisi imepinda. Pesa zikaisha kabla gari halijatembea. Akina mama waliouza mayai ili kulipa mchango wa kila wiki wakaanza kuulizana, na mwekahazina akaacha kuja mikutanoni kwa aibu. Hakuwa ameiba hata senti moja.

Sasa tuelewane, gari kama hili hutoka wapi? Mengi hutoka kwa kampuni za bima. Gari lenye bima kubwa likipata ajali, kampuni hupiga hesabu. Gharama ya kulitengeneza ikikaribia thamani ya gari lenyewe, humlipa mwenyewe, kisha huuza mabaki kwa mnada au zabuni ili irudishe sehemu ya pesa. Kwa hivyo kabla hujafika pale, wenye ujuzi wameshaona halifai kutengenezwa kwa bei za gereji zao. Labda fundi wetu wa jua kali ataweza kwa bei nafuu. Labda. Na linauzwa jinsi lilivyo, pale lilipo. Likikushinda, huna wa kumrudishia.

Siku ya kuangalia, kwa kawaida hutaruhusiwa kuliendesha, na mara nyingi hata kuliwasha. Nendeni na fundi wenu wenyewe, si yule mtakayemkuta kwenye yadi, na mumlipe siku yake. Bebeni kamba. Pimeni chini ya gari, kutoka tundu la chesisi la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha mpime mshazari ule mwingine kwa matundu yale yale. Vipimo visipolingana, chesisi imepinda. Vikilingana, fundi bado aangalie mikunjo na mahali palipochomelewa. Sisi hatukupima, tulikuwa tunaangalia taa!

Halafu chomoeni kijiti cha oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Gari la mafuriko ni hatari zaidi kwa sababu huenda halina hata mkwaruzo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mengi Nairobi. Inueni zulia, vuteni mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Tope hujificha huko.

Nambari ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye logibuku. Tena mtafute rekodi za gari kwa NTSA, muone mwenyewe ni nani na kama kuna benki iliyoandikwa pamoja naye.

Kuhusu bei, kikundi kikae kabla ya siku ya mnada na kuandika kwenye kumbukumbu: kuvuta gari, fundi, spea, matairi, ukaguzi, bima, kubadilisha jina. Toeni hizo kwenye akiba, mtoe na kitu cha dharura. Kinachobaki ndicho kiwango chenu, na mwenyekiti asikipite hata kwa shilingi mia, hata dalali amsifu namna gani. Kumbukeni pia kwamba arubuni hulipwa papo hapo, na msipomaliza deni kwa siku mlizopewa, mnaweza kuipoteza.

Na gari litaandikwa jina la nani? Ulizeni mapema. Tumeona gari la kikundi likiwa kwa jina la mwenyekiti, akafariki, na watoto wake wakasema ni la baba.

Ile pikapu ingali nyuma ya stoo, kuku wanatagia ndani. Mwekahazina alirudi mwezi uliopita. Kikundi kimeanza kutafuta mnunuzi wa injini na giaboksi.

Kamba ya kupimia sasa tunayo ofisini. Wanaoihitaji watume mtu.