Fundi Cherehani na Chama Chake

(Mada iliyotolewa kwa mafundi cherehani katika semina ya Haki na Amani)



Nianze kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa bodi ya shule iliyohitaji sare mia tatu kwa muda wa majuma sita. Mafundi wanne wa mtaa wetu waliomba kazi hiyo, kila mmoja kivyake. Mmoja hakuwa na fedha za kununulia kitambaa. Wawili walileta sampuli za buluu zisizofanana. Wa nne alishona vizuri kuliko wote, lakini aliweza kutoa sare sitini tu. Nami niliinua mkono pamoja na wenzangu, tukampa kazi mfanyabiashara aliyeleta sare zilizokwisha kushonwa mbali. Mafundi wale wangaliungana, wangaliweza kazi ile. Lakini hawakuungana, wala sisi hatukuwauliza kama wangependa kuungana.

Mabadiliko yanayowasumbua ninyi hayaanzii mtaani petu. Mwezi Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vya nguo vipate nafasi. Mwaka 2017 malalamiko yalifikishwa kwa serikali ya Marekani dhidi ya uamuzi huo. Nani aliyelalamika? Ni chama cha wafanyabiashara wa nguo na vitambaa vilivyotumika nchini humo. Basi nchi nyingine zikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru.

Simsemi vibaya muuza mitumba. Naye analisha watoto. Ninataka mtambue jambo moja: wale waliojipanga walisikilizwa. Fundi wa kijiweni, ambaye riziki yake ilikuwa ikijadiliwa, hakuwa na barua wala mjumbe.

Tutazame pia mfano wa mbali. Huko Carpi, mji wa kaskazini mwa Italia, nguo za kufumwa zimetengenezwa kwa miaka mingi katika karakana ndogo ndogo, nyingi zikiwa za familia. Vyama vya mafundi wadogo viliwasaidia wanachama kuandika hesabu na kukokotoa mishahara, kazi ambazo fundi mmoja hana muda nazo. Mwaka 1980 kikaanzishwa kituo cha pamoja cha habari za nguo, kilichowaeleza wenye karakana mitindo inayokuja, masoko yanavyokwenda na mashine mpya zinavyotumika. Karakana zote hazikunusurika. Nyingi zilifungwa miaka iliyofuata, ushindani ulipozidi. Hata hivyo, zilikabili mageuzi zikiwa na habari mkononi.

Je, chama chaweza kutufanyia nini sisi? Kwanza, kununua kitambaa kwa majora, ili rangi iwe moja na bei ipungue. Pili, kumiliki kwa pamoja mashine ambayo mmoja haimudu, kama ile ya kutoboa na kushona matundu ya vifungo. Tatu, kukubaliana vipimo, ili sare ya namba fulani iwe ileile kwa kila fundi. Nne, kugawana kazi kubwa, na kumkagua mwenzetu kabla mteja hajamkagua. Tano, kupeleka hoja zetu halmashauri na kwingineko, kwa maandishi na kwa sauti moja.

Papa Leo wa XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alisikitika kwamba vyama vya kale vya mafundi vilivunjwa pasipo kuwekwa kinga nyingine mahali pake, na mfanyakazi akaachwa peke yake. Alifundisha kwamba kuungana ni haki ya asili ya binadamu.

Lakini tusidanganyane. Tumeona vyama vilivyokufa kwa sababu mweka hazina hakusoma hesabu mbele ya wanachama, au mwenyekiti alijitwalia kazi nono. Chama kinachomfungia mlango kijana aliyetoka kujifunza, au kinachomwita mama kwenye michango na kumsahau kwenye uamuzi, hakitendi haki, hata kama kina katiba nzuri na mhuri.

Ndugu zangu, shule itaagiza sare tena kabla ya mwaka mpya wa masomo. Nimeiomba bodi ipokee maombi ya kikundi, nayo imekubali kuyasikiliza. Haikuahidi zaidi ya hapo. Naomba tusitawanyike leo kabla ya kuchagua watu watatu wa kupima bei ya majora, na mmoja wa kuandika barua. Barua ile mimi sitaiandika, maana ni yenu. Nitaibeba tu.