Mama, Mwachie Mtoto Mwisho wa Kazi

Somo kwa wamama wa kliniki

Tutapima watoto kilo, lakini kwanza tusikilizane kidogo. Leo sitasema juu ya kuhara wala juu ya malaria. Leo nataka kusema juu ya mkono wa mtoto.

Kila mama anajua kutazama kama mwili wa mtoto una moto, kama anakataa ziwa, kama anaharisha. Hiyo ni vizuri. Lakini mkono wake je, unautazama? Unashika nini? Unajua kupeleka chakula kinywani? Au ni wewe mama unayefanya yote?

Mama mmoja alifika hapa na mtoto wa miaka 5 mgongoni. Mtoto yule alizaliwa kwa shida, hakulia. Macho yake yalikuwa mazuri na alicheka na kila mtu, lakini mikono yake ilikuwa migumu, na miguu ilipishana kama makasi. Hakutembea. Tukamuuliza mama: «Mama, huyu anafanya kitu gani yeye mwenyewe?» Akajibu: «Eh, muganga, huyu hapana kufanya kitu. Ni mimi njo nafanya yote. Nikienda shamba, anabaki na njaa mupaka nirudi. Na siku moja mimi nikikufa, nani atamukulisha?»

Wamama, ulizo hili ni kubwa. Labda hata kati yenu kuna mmoja anayelilia jambo hili usiku, na mchana hasemi kitu.

Kwanza tusikie vema: si bulozi

Ubongo wa mtoto unaweza kuumia kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa kama alikosa hewa. Unaweza kuumia kama macho na ngozi yake vilikuwa vya manjano sana siku za kwanza, na hakupata matunzo. Unaweza kuumia kwa malaria kali ya kichwa, au kwa meningiti. Watoto wengine wanachelewa tangu tumbo la mama, na hata daktari hapati sababu. Si bulozi, na si kosa la mama. Usiuze mbuzi wako kwa kutafuta nani alimroga mtoto. Ubongo ulioumia hauponi kwa sindano wala kwa kuchanjwa na mufumu. Lakini unaweza kujifunza, na mtoto akianza mapema anajifunza zaidi.

Msaada wa namna hii unaitwa ergoterapi. Maana yake ni kumsaidia mtu kwa njia ya kazi za kila siku: kula, kuvaa, kuoga, kwenda choo, kucheza, kusaidia nyumbani. Watu waliosoma kazi hii ni wachache katika inchi yetu. Lakini hata ukimpata mmoja, atamwona mtoto wako saa moja tu, kisha utarudi naye nyumbani. Wewe mama uko naye asubuhi, mchana na usiku. Basi kazi nyingi ni yako.

Mtoto anajifunza kwa mwili mzima

Tunajua macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Lakini kuna fahamu zingine mbili ambazo watu hawazisemi sana. Moja iko katika nyama za mwili na katika viungo. Inakuambia mkono wako uko wapi, hata kama huutazami. Unapotwanga sombe na kuongea na jirani, mchi unaingia katika kinu bila kukosea. Ni fahamu hii inayokusaidia. Nyingine iko ndani ya sikio, nayo inakusaidia usianguke unapobeba bidon ya maji katika njia ya utelezi.

Kwa watoto wengine fahamu hizi hazifanyi kazi sawasawa. Mmoja anasikia kidogo sana: anajigonga bila kulia, anazunguka zunguka siku nzima. Mwingine anasikia kupita kiasi: akiguswa na uji mkononi anapiga kelele, akimwagiwa maji kichwani anapigana, sokoni anaziba masikio. Watu wanasema: «Huyu mutoto iko na kichwa mubaya, mumupige!» Hapana, mama. Kiboko hakifundishi ngozi yake. Kwanza mlete tupime masikio na macho yake. Kisha fanya hivi:

Mtoto anayeogopa maji, umwambie kwanza: «Sasa tunaosha miguu.» Anza na miguu, panda pole pole, na kichwa kiwe cha mwisho. Maji yawe ya vuguvugu. Umshike kwa mkono wenye nguvu kidogo, usimguse kama inzi anayetembea juu ya ngozi, kwa maana kuguswa kidogo kidogo kunamsumbua zaidi.

Mtoto anayekataa uji mkononi, usimlazimishe. Mwache acheze kwanza na unga mkavu wa muhogo katika beseni. Siku zingine utie maji kidogo, kisha zaidi. Anaweza kuanza kwa kidole kimoja tu. Hata majuma mengi yakipita, si mbaya.

Mtoto asiyetulia, mpe kazi ya nguvu: abebe kuni chache, asukume beseni la nguo, atwange na wewe. Watoto wengi wanatulia baada ya kazi ya namna hii.

Namna ya kufundisha: anza kwa mwisho

Hapa ndipo nataka mshike sana. Kazi ndogo kama kuvaa shati ina sehemu nyingi. Mtoto akianza mwanzoni, anachoka katikati na analia. Basi sisi tunaanza kwa mwisho.

1. Mvike mtoto shati: kichwa, mkono huu, mkono ule. Shati likifika kifuani, acha. Mwambie: «Vuta.» Yeye avute mpaka chini. Umsifu.

2. Akijua vile, mwachie na mkono wa pili auingize mwenyewe, kisha avute.

3. Akijua vile, mwachie mikono yote miwili. Mwisho mwachie na kichwa.

Kila siku yeye ndiye anayemaliza kazi. Mtoto anayemaliza kazi anafurahi, na kesho anataka tena. Kama mkono mmoja ni mgumu, wakati wa kuvaa anza na mkono ule mgumu. Wakati wa kuvua, uwe wa mwisho.

Fanya vilevile na kunawa mikono, na kufunga suruali, na kwenda choo. Huna wakati asubuhi? Najua. Moto haujawaka, maji hayajaletwa, na wale wengine wanakwenda masomo. Basi chagua saa moja tu ya siku ambayo huna haraka, na kazi moja tu. Ukifundisha kazi tano pamoja, mtachoka wote wawili.

Kula

Kwanza kukaa. Mtoto asile amelala chali, hata kidogo. Chakula kinaweza kuingia katika mapafu, naye akapata kikohozi kibaya na kufa. Usimzibe pua ili ameze, na usimmiminie uji kwa mkono. Kuna wamama wanaofanya vile kwa kumpenda mtoto, lakini ni hatari kubwa.

Mkalishe pembeni, pale kuta mbili zinapokutana, au katika beseni lenye nguo zilizokunjwa kando na kando. Mgongo uwe wima, magoti yakunjwe, na kichwa kielekee mbele kidogo. Wewe ukae mbele yake, macho kwa macho, usisimame juu yake.

Kisha mkono. Bugali ni mwalimu mzuri, kwa maana hakuna haja ya kijiko. Fanya tonge dogo, laini, ulichovye katika mboga, uliweke katika mkono wake. Shika mkono wake na mkono wako, mwende pamoja mpaka karibu na kinywa. Hapo uache. Sehemu ile ndogo ya mwisho ni yake. Akijua, acha mbali kidogo. Siku kwa siku unaacha mbali zaidi, mpaka mkono wake utoke katika sahani mwenyewe.

Kama anatumia kijiko na kinamponyoka, zungusha kitambaa au kipande cha mpira wa ndani wa kinga kwenye mshiko, mpaka uwe mnene. Mkono mgumu unashika kitu kinene kuliko kitu chembamba. Kama sahani inakimbia, weka kitambaa chenye maji chini yake. Vitu hivi havitaki pesa.

Atachafua nguo, atamwaga mboga. Mama mkwe atasema: «Unaharibu chakula!» Mwambie kwa heshima: «Mama, iko anasoma.» Sisi wote tulichafua nguo tulipoanza kula.

Mikono yote nyumbani isaidie

Mwambie baba, waambie ndugu na dada zake. Mara nyingi mama anafundisha, na dada mkubwa anaharibu bila kujua, maana anamhurumia na kumfanyia yote. Waonyeshe namna moja. Mpe mtoto kazi yake katika nyumba: kutoa maharagi mabaya katika sahani, kukunja kitenge, kupeleka kopo kwa baba. Kazi ya maharagi inafundisha vidole vizuri sana, lakini mtu mkubwa awe karibu, maana watoto wanapenda kutia maharagi puani na masikioni.

Na mtoto akae pale watu wanapokaa. Mtoto anayefichwa chumbani haoni namna watu wanavyofanya, haisikii lugha, hachezi na wenzake. Kilema chake kinaongezeka, na siyo ugonjwa unaokiongeza, ni giza la chumba.

Wakati gani umlete

Watoto hawalingani, mmoja anatangulia, mwingine anafuata. Lakini watoto wengi wanakaa peke yao kabla ya kumaliza miezi 9, na wanatembea peke yao kabla ya kumaliza miezi 18. Usingoje zaidi. Umlete kama:

— miezi 4 imepita na kichwa hakijasimama;
— miezi 9 imepita na hawezi kukaa;
— mwaka 1 umepita na hashiki kitu kidogo kwa vidole;
— miezi 18 imepita na hatembei;
— anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka 1, na ule mwingine unabaki umefungwa;
— hageuki ukiita, au hakutazami;
— alijua kitu, kisha akakisahau;
— anaanguka kifafa. Kifafa kina dawa, na dawa haikatizwi bila kumwuliza muganga;
— kila mara akila anakohoa, au anapunguka kilo.

Na usimvute kwa nguvu mguu au mkono ulio mgumu. Ukivuta kwa haraka, unakaza zaidi. Njoo tukuonyeshe namna ya kuulegeza pole pole. Na pale inapotakiwa zaidi kuliko tunavyoweza, tutakuambia pa kwenda. Kuna senta za watoto wenye kilema katika miji, kama ile ya Heri Kwetu katika Bukavu.

Mwisho

Mtauliza: yule mama wa tonge la bugali, mambo yake yaliendaje? Alirudi hapa kila mwezi. Mwezi wa kwanza alisema: «Bado.» Mwezi wa pili: «Bado.» Mara moja alikasirika na sisi, akasema tumempa mzigo badala ya dawa. Tulimwambia kwamba ni kweli, ni mzigo. Lakini alirudi nyumbani akaendelea.

Mtoto wake hatembei mpaka leo, na hatukumwahidi mama kwamba atatembea. Lakini siku moja mama alikwenda shamba kulima, akaacha sahani mbele ya mtoto, na dada yake mdogo karibu. Aliporudi, sahani ilikuwa tupu. Akamwuliza dada: «Ni wewe njo ulimukulisha?» Dada akasema: «Hapana, mama. Mi nilikuwa naangalia tu. Alijikulisha mwenyewe.»

Mama yule alikuja kutueleza kabla ya siku ya kliniki. Alikaa pale kwenye benchi, akalia, akacheka. Ulizo lake halikumalizika lote, lakini lilianza kupata jibu.

Wamama, Mungu alimpa kila mtoto kitu anachoweza. Kazi yetu ni kukitafuta kwa uvumilivu. Jioni ya leo, katika kazi moja tu, mwachie mtoto wako mwisho wake. Sasa tuwapime watoto.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Ni kazi gani moja mtoto wako anaweza kumaliza mwenyewe jioni ya leo?

2. Kwa nini mtoto asile amelala chali?

3. Tukifundisha kuvaa shati, tunaanza na sehemu gani? Kwa sababu gani?

4. Je, karibu na nyumba yako kuna mtoto anayefichwa? Utamwambia nini mama yake, bila kumpa haya?