Gemu Ndefu, Ajira Fupi

Msikilizaji, habari za wafanyakazi wa gemu kupunguzwa kazini si za mbali kama zinavyosikika. Hapa kijijini Mbaha jioni, dagaa wa usipa wakishaanuliwa, kijana hukunja vishilingi vyake akaelekea kwenye kibanda cha gemu. Anashika pedi, anacheza mechi moja ya mpira, anampisha mwenzake. Dakika chache tu, na roho yake imeburudika.

Gemu kubwa za leo hazikutengenezwa kwa ajili ya kibanda kile. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 humla mchezaji saa 100 hivi, na kuitengeneza kulichukua takriban miaka 6. Hiyo iliuzika. Lakini Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 wa gemu, na Februari Sony ikafuata na watu 900 hivi. Concord, gemu ya Sony, ilitoka tarehe 23 Agosti mwaka huohuo, ikazimwa tarehe 6 Septemba. Siku 14! Oktoba ikatangazwa kwamba studio iliyoiunda inafungwa.

Wakubwa wa kampuni ndio walioweka jasho la miaka kwenye turufu moja. Aliyerudi nyumbani mikono mitupu ni mchoraji na mwandishi wa programu. Hilo si haki.

Basi, vijana mnaojifunza programu Songea, Dar es Salaam na Nairobi, tengenezeni gemu ya nusu saa, itoshee kwenye simu ya mvuvi, aimalize kama anavyomaliza bao chini ya mwembe, kisha arudi kwenye nyavu zake.