Tupige Picha Kabla Ukuta Haujaanguka



Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini cheo hakizuii mvua.

Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja, boriti huoza ndani kwa ndani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi tunaongeza kwamba ufa usiouona huwezi kuuziba. Ufa ukipigwa picha mwaka huu na mwaka ujao, kutoka mahali palepale, tutajua kama unapanuka. Na nyumba ikianguka, fundi atajua mlango na baraza vilikuwaje.

Tunaomba kila picha iandikwe tarehe, jina la mtaa na upande uliotazamwa.

Na watu je? Muuza kahawa na akina mama walioketi barazani si mapambo ya picha. Tuwasalimu kwanza, tuwaombe ruhusa; anayekataa tumshukuru, tupite. Anayekubali tumpelekee nakala yake. Wenyeji ndio wa kwanza kuuona ufa. Bila wao, picha zetu ni karatasi tu.